Kitosani ya maganda ya kamba haiyeyuki vizuri kwenye siki: kosa liko hatua gani?

mwana_liwatoni

Salaam wakuu. Natengeneza kitosani, yaani kitini (kiini kigumu cha ganda) iliyoondolewa vikundi vya asetili ili iyeyuke kwenye asidi hafifu kama siki. Malighafi ni vichwa na maganda mchanganyiko kutoka kwa wanaomenya kamba hapa kisiwani Mombasa. Yameoshwa, yamechemshwa dakika tano, yameanikwa siku mbili, kisha yamepondwa kinuni. Kundi ni kilo 2 za maganda makavu, na mwenendo wake ni huu:

Kutoa protini: kostiki soda (haidroksidi ya sodiamu) asilimia 4, lita 20, nyuzi 70, saa mbili. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Yakaoshwa mara tatu kwa maji ya kisima.

Kutoa chokaa: asidi ya haidrokloriki ya moli 1 kwa lita, lita 16 zote kwa mpigo, joto la kawaida, saa mbili. Povu lilifurika ndoo mwanzoni. Mwisho karatasi ya pH ilisoma 5. Yakaoshwa tena kwa maji ya kisima.

Kutoa asetili: masalia yalikamuliwa kwa kitambaa yakawa na uzito wa kilo 2.3 yakiwa bado na umajimaji. Sampuli iliyokaushwa kando inaonyesha kitu kikavu ni asilimia 21 ya uzito huo. Yakaingia hivyo hivyo kwenye kostiki ya asilimia 50, yaani kilo 3 za vipande vya kostiki na kilo 3 za maji, nyuzi 100, saa mbili, sufuria ya stenlesi isiyo na kifuniko, kukoroga kila dakika kumi.

Zao ni gramu 410 za unga wa rangi ya krimu. Gramu 1 ikitiwa kwenye mililita 99 za siki iliyozimuliwa hadi asilimia 1, inatoa vipovu kidogo, maji yanakuwa na ukungu, na karibu nusu inabaki vipande vilivyovimba kama jeli. Vikilala usiku kucha, asubuhi bado vipo.

Je, dawa ni kuongeza saa za kostiki? Au kostiki yenyewe imechoka? Imenunuliwa kwa wauza vifaa vya sabuni na gunia lilikuwa wazi.

---

kemia_tudor

Mkuu, umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi, umeandika vipimo vyote. Jibu limo humo humo. Makosa ni mawili makubwa na moja dogo, na hakuna hata moja linalotibiwa kwa kuongeza saa.

Anza na asidi. Ganda la kamba likikauka, chokaa yake (kalisiamu kaboneti) huwa kama asilimia 30 hadi 50. Tuchukue 40. Kilo 2 zina gramu 800 za chokaa. Kila gramu 100 za chokaa zinakula gramu 73 za asidi tupu, kwa hiyo unahitaji gramu 584. Lita 16 za moli 1 zina gramu 36.5 kwa lita, jumla 584. Umepiga pale pale kwenye mstari bila ziada hata ya kijiko! Mzigo wako ukiwa na chokaa asilimia 45, gramu 100 zimebaki bila kuguswa. Ongeza kostiki iliyosalia kwenye maganda baada ya kuoshwa mara tatu tu, nayo ikala asidi yake. pH 5 mwishoni ilikuwa inakupigia kelele: asidi imekwisha. Kazi ikiwa imekamilika, pH lazima ibaki 1 au chini yake kidogo, na ukitia tone la asidi mpya juu ya maganda hakuna kipovu. Hivyo vipovu unavyoviona kwenye siki ni chokaa hiyo hiyo.

Kosa la pili ndilo linaloacha jeli. Kilo 2.3 zenye kitu kikavu asilimia 21 ni gramu 483 za masalia na kilo 1.82 za maji. Maji hayo yameingia kwenye kostiki yako. Sasa piga: kilo 3 za kostiki ndani ya kilo 7.82 za mchanganyiko ni asilimia 38, si 50. Chini ya 40 asetili inatoka kwa uvivu sana, na inatoka juu juu ya chembe tu. Gunia likiwa limekaa wazi kwa unyevu wa huku kwetu, vipande vimekwisha kunywa maji na hewa ya kaboni vikageuka kwa sehemu kuwa magadi, kwa hiyo hata hiyo 38 huenda ni 35. Hilo ndilo kosa dogo. Nunua gunia ambalo halijafunguliwa, na likifunguliwa gawanya kwenye ndoo zenye vifuniko vya kubana.

Na uzito wa zao ungekushtua mapema. Tuseme maganda yako ni mazuri na yana kitini asilimia 25. Hiyo ni gramu 500. Kila kiungo cha mnyororo wa molekuli ya kitini kikipoteza asetili, uzito wake wa molekuli unashuka kutoka 203 hadi 161, kwa hiyo hata mambo yakienda sawa bin sawa huwezi kupata zaidi ya asilimia 79 ya uzito, yaani gramu 395. Kawaida ni 250 hadi 320. Ukivuna 410 ujue umepima chokaa na asetili pamoja na kitosani.

Kuokoa hizo gramu 410: usizirudishe kwenye asidi ya haidrokloriki! Sehemu iliyokwisha kuwa kitosani itavimba na kuyeyuka, utabaki na uji. Kausha unga kabisa, uingize kwenye kilo 4 za kostiki mpya ya asilimia 50 (kilo 2 za vipande, kilo 2 za maji), nyuzi 100 hadi 105, saa moja na nusu. Osha. Kisha yeyusha kwenye siki ya asilimia 1, lita 40 hivi, ukiongeza siki kidogo kidogo hadi pH itulie kati ya 4 na 4.5 kwa sababu chokaa itakula sehemu yake. Chuja. Rudisha kwa kumimina kostiki ya asilimia 4 taratibu huku unakoroga hadi pH 8.5, kitosani itajikusanya kama maziwa yaliyoganda. Kalisiamu itabaki kwenye maji. Osha, kausha chini ya nyuzi 60.

Kundi lijalo: asidi lita 30 kwa kilo 2, lakini kwa awamu mbili za lita 15. Ya kwanza dakika 45, mwaga, tia ya pili saa moja. Awamu mbili zinasafisha kuliko lita zile zile zikitiwa pamoja, maana ya pili inakutana na chokaa kidogo ikiwa bado na nguvu.

---

fundi_stenlesi

Alilosema kemia ni kweli tupu. Mimi naongeza mambo ya vyombo, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Povu. Gramu 800 za chokaa zinatoa karibu lita 200 za hewa ya kaboni. Ukimimina asidi yote kwa mpigo, lita hizo zinataka kutoka kwa dakika chache na protini iliyobaki inazishika kama sabuni. Weka maji na maganda kwanza kwenye pipa ambalo limejaa theluthi moja tu, halafu asidi kali ya asilimia 32 iingie kwa kikombe, ukisubiri povu lishuke kila mara. Kupata moli 1 kwa lita, mililita 100 za asidi ya asilimia 32 kwa kila lita ya mwisho ni makadirio mazuri. Kazi hii nje, upepo ukiwa mgongoni.

Asidi iwe kwenye plastiki. Stenlesi ya jikoni inachimbwa vitundu na haidrokloriki, na chuma kinachoyeyuka kinatia unga wako rangi ya kutu ambayo haitoki. Kostiki iwe kwenye stenlesi. Sufuria za alumini, hizi za kawaida za pilau, zisikaribie kabisa: kostiki inazila na kutoa haidrojeni, na jiko la gesi liko chini yake. Sihitaji kueleza zaidi.

Vipande huingia kwenye maji, kamwe si maji kwenye vipande. Asilimia 50 inapochanganywa inajipasha yenyewe hadi karibu kuchemka. Tia kwa awamu nne au tano ndani ya sufuria iliyokaa kwenye beseni la maji. Miwani inayofunika macho pande zote, glavu ndefu za mpira, aproni, na ndoo ya maji safi karibu. Tone la kostiki kali jichoni ni jambo la sekunde, na la kufanya ni kuosha kwa maji mengi dakika 20 mfululizo kisha hospitali. Siki jichoni hapana.

Kitambaa cha kuchujia kina siasa zake. Chandarua cha poliesta kinastahimili asidi lakini kostiki ya moto inakitafuna. Nailoni ni kinyume chake. Pamba inaoza kwa asidi. Kinachovumilia vyote viwili ni yale magunia meupe ya kusuka ya mchele na sukari, ni polipropilini. Yakate, yashone mfuko, acha kostiki ipoe hadi nyuzi 50 kabla ya kuchuja.

Ukubwa wa chembe: hujasema umechunga. Kinu kinatoa unga na mapande kwa pamoja. Unga laini unakula kostiki kupita kiasi na mnyororo unakatika, mapande ya milimita 4 hayaivi katikati. Chunga ubaki na chembe za milimita 1 hadi 2 hivi. Zilizo chini ya nusu milimita weka kundi lake, usizitupe.

Na lile la kuacha wazi na kukoroga kila dakika kumi. Kostiki ya moto pamoja na oksijeni ndiyo mikasi ya kitosani. Mnato unashuka kabla asetili haijatoka. Chagua sufuria inayokaribia kujaa, funika, koroga mara mbili tatu tu na kwa upole. Wenye silinda ya naitrojeni wanapuliza juu, lakini kwa jiko dogo kifuniko kizuri kinasaidia sana.

---

bi_mkemia

Samahani kaka zangu, naomba kutofautiana kidogo na mpangilio wenyewe. Mchele mmoja mapishi mbalimbali, lakini mapishi yana sababu.

Mwenye kutaka kuvuna protini aanze na kostiki, kwa sababu protini inatoka safi bila chokaa. Mwenye kutaka kitosani ya mnato mkubwa aanze na asidi maganda yakiwa mazima. Protini iliyobaki inazingira kitini na kuikinga kiasi isikatwe na asidi, halafu chokaa ikishatoka ganda linakuwa laini na kostiki inapenya kwa wepesi. Ubaya wake ni povu kuwa kali zaidi na harufu. Kwa vyovyote asidi isipashwe moto, na isizidi saa mbili jumla. Watu wanaacha maganda kwenye asidi usiku kucha wakidhani wanayasafisha zaidi. Yanasafika, ndiyo, na mnyororo unakatika vipande vipande, asubuhi una kitosani inayoyeyuka vizuri lakini nyepesi kama maji.

Halafu hayo maji ya kisima. Visima vingi vya kisiwani na hata Likoni vina chumvichumvi, vimebeba kalisiamu na magnesiamu. Ukiosha maganda yenye kostiki kwa maji hayo, magnesiamu inaganda hapo hapo kuwa unga mweupe ndani ya chembe. Unaondoa chokaa kwa asidi kisha unairudisha kwa ndoo! Sehemu ya ule ukungu inaweza kuwa hiyo. Maji ya kisima yatumike kuosha maganda mabichi tu. Baada ya kostiki, angalau maji mawili ya mwisho yawe ya mvua, au yale yasiyo na chumvi yanayouzwa kwa mitungi, au ya mashine ya kuchuja chumvi.

Kuna na njia ya chachu ambayo kwa joto letu inafaa sana, ingawa wanaoisifu husahau hesabu. Chukua kilo 10 za maganda mabichi yaliyosagwa, siku hiyo hiyo, changanya na molasi na kianzio cha bakteria wa maziwa (Lactobacillus), ndoo iliyofunikwa yenye kitundu cha kutolea hewa, nyuzi 30. pH inatakiwa ishuke chini ya 5 ndani ya saa 48. Asidi ya maziwa inayeyusha chokaa, na vimeng'enya vya vichwa vyenyewe vinalainisha protini. Tope linalotoka ni chakula kizuri cha kuku na samaki, na lina ile rangi nyekundu ya astazanthini.

Sasa hesabu. Kilo 10 mbichi zina kama kilo 2.2 kavu, chokaa gramu 880. Kila gramu 100 zinahitaji gramu 180 za asidi ya maziwa, kwa hiyo karibu kilo 1.6, na bakteria wanahitaji sukari isiyopungua uzito huo. Molasi nusu yake ndiyo sukari: kilo 3.2 kwa kilo 10 za maganda. Ukitia kilo 1 kama wanavyoshauri wengi, umelipia theluthi ya kazi. Haina maana kwamba njia ni mbaya. Ina maana kwamba lazima umalizie kwa asidi na kostiki, ila kwa kiasi kidogo. Na harufu ikiwa ya kuoza badala ya uchachu siku ya pili, pH bado ni 6, mwaga. Hapo walioshinda ni bakteria wengine na wanakula kitini yako.

Kuhusu kuoza kwa jumla: maganda ya kamba hayasubiri. Kwa joto la Mombasa yakikaa nusu siku kwenye gunia yanaanza kuwa meusi na kutoa amonia. Kuchemsha dakika tano kama ulivyofanya ni sahihi, lakini kuwe ndani ya saa mbili tatu tangu kumenywa. Msimu wa masika kuanika juani kunachukua siku nne badala ya mbili, na siku ya tatu kuna ukungu. Bora tanuri la hewa ya moto nyuzi 60.

---

dome_na_ngisi

Mnahangaika na chokaa wakati kuna ngisi. Ndani ya kila ngisi kuna ule uti mwembamba unaong'aa kama plastiki, wauzaji wanauvuta na kuutupa. Karibu wote ni kitini na protini, madini ni kidogo mno. Hatua ya asidi unaweza kuiruka au kuifanya dakika 15 tu kwa ajili ya usafi. Isitoshe kitini yake ni ya aina ya beta, minyororo haijabanana kama ya kamba, kwa hiyo asetili inatoka kwa nyuzi 80 na kostiki ya asilimia 40. Kasoro yake ni wingi: uti mmoja una uzito wa gramu moja mbili. Lakini kwa kujifunzia hakuna malighafi bora.

Msichanganye na ule mfupa mweupe mwepesi wa dome unaookotwa ufukweni. Huo ni chokaa karibu wote.

Kaa wa mikoko na kamba mawe: ganda nene, chokaa inapita nusu ya uzito, asidi iongezwe kwa kadiri hiyo. Msitie kundi moja na kamba, muda wao ni tofauti.

Wenye ngozi za samaki, jodari au changu, waache kostiki kali waende kwenye jelatini. Ngozi zilizokatwa vipande vya sentimita 2, kostiki ya asilimia 0.5 baridi mara tatu za dakika 40, osha, asidi ya siki asilimia 0.3 nusu saa, osha hadi pH 5 au 6, kisha maji ya nyuzi 45 hadi 50 usiku mzima. Chuja, kausha kwenye trei. Wateja Waislamu hawana wasiwasi na jelatini ya samaki, hilo ni soko lake. Ila elewa mapema kwamba inayeyuka kwenye nyuzi 25 hivi au pungufu, kwa hiyo hapa haigandi mezani, itaganda kwenye friji tu. Na anayetaka kolajeni nzima isiyovunjika, hatua zote ziwe kwenye nyuzi 4 hadi 10. Kwenye joto la chumba la Mombasa inaanza kulegea kabla hujamaliza kuchuja.

---

mwana_liwatoni

Nashukuru sana, bi mkemia na wengine wote. Nimeona hesabu ya asilimia 38, haina ubishi.

Maswali mawili yaliyobaki. Kostiki inakula pesa yote: je, ile ya asilimia 50 inatumika tena? Na bila mashine za maabara kubwa, napimaje asetili iliyotoka? Kuna pH mita ndogo na bureti.

Pia rangi ya krimu, ni lazima itiwe dawa ya klorini iwe nyeupe?

---

kemia_tudor

La klorini kwanza kwa sababu ni la hatari. Hapana. Dawa ya klorini ikikutana na asidi iliyosalia kwenye maganda inatoa gesi ya klorini, na hata bila hiyo inakata minyororo. Krimu si uchafu. Ukitaka weupe, anika kitini (bado haijawa kitosani) juani ikiwa na unyevu, rangi ya astazanthini inafifia yenyewe kwa siku moja. Peroksaidi ya haidrojeni asilimia 1 kwa nusu saa inafaa pia, lakini utalipa kwa mnato. Asetoni inatoa rangi bila kudhuru ila inawaka upesi, na yenyewe pamoja na asidi ya haidrokloriki zimo kwenye Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 wa kudhibiti dawa za kulevya, kwa hiyo nunua kwa wauzaji halali na weka risiti.

Kostiki. Piga hesabu ya inayotumika kweli: gramu 450 za kitini ni moli 2.2. Ukitoa asilimia 90 ya asetili umekula moli 2 za kostiki, gramu 80. Uliingiza kilo 3! Nyingine yote ipo pale, ikiwa chafu kidogo. Basi isimwagwe. Chuja ikiwa vuguvugu, pima ukali kwa kutitiri mililita 1 iliyozimuliwa (kudondosha asidi ya ukali unaojulikana hadi kostiki iishe), ongeza vipande hadi irudi 50, itumie tena mara mbili au tatu. Ikianza kuwa nyeusi kama mafuta ya gari, ishushe cheo: iende kutoa protini. Lita moja ya asilimia 50 ina karibu gramu 760 za kostiki, na lita 20 za asilimia 4 zinahitaji gramu 800. Kwa hiyo lita 1 na robo ya kostiki iliyochoka inatosha kundi lote la kilo 2. Ukipanga hivyo, vipande vipya vinanunuliwa kwa ajili ya hatua moja tu. Masharti ni yale ya awali: kitini iingie kavu. Ikiingia mbichi, kila mzunguko unazimua kostiki na hesabu yote inaharibika.

Hata maji ya kuosha ya kwanza baada ya kostiki kali, lita 3 au 4, yahifadhi. Hayo ni kostiki ya asilimia 10 hivi.

Kupima asetili: kausha unga nyuzi 105 hadi uzito usibadilike. Pima gramu 0.2, yeyusha kwenye mililita 25 za asidi ya haidrokloriki ya moli 0.1, koroga hadi iwe angavu, ikibidi iache saa mbili. Titiri kwa kostiki ya moli 0.1 ukiandika pH kila nusu mililita, na kila sehemu ya kumi ya mililita unapokaribia miruko, yaani pH inapopanda ghafla. Kuna miruko miwili. Wa kwanza ni asidi ya ziada kwisha, wa pili ni vikundi vya amini (vinavyobaki asetili ikitoka) kwisha. Tofauti ya mililita kati ya miruko hiyo iite V, uzito wa unga uite m:

asilimia = 2.03 × V ÷ (m + 0.0042 × V)

Mfano: m ni 0.2, V ni 10.2. Juu inatoka 20.7, chini 0.243, jibu ni 85. Ukiona kitosani inaanza kuganda karibu na pH 6.5 na mita inayumba, ni kawaida, punguza kasi ya matone. Kama mruko wa pili hauonekani vizuri, tumia methili ya chungwa (rangi inayobadilika asidi ya ziada inapokwisha) kupata wa kwanza, kisha V ni mililita 25 kutoa mililita za kostiki zilizotumika, mradi asidi na kostiki zina moli sawasawa.

Kwa kupaka maembe au kutuliza tope kwenye maji, 80 hadi 85 inatosha. Bandeji za vidonda ni ulimwengu mwingine, usafi wake hauwezi kupatikana jikoni. Na popote itakapokwenda, lebo iseme ni ya kamba: protini kidogo inaweza kubaki, na wapo wenye mzio.

---

fundi_stenlesi

Kabla sijasahau: maji machafu. Kundi la kilo 2 linatoa lita 20 za kostiki ya protini na lita 30 za asidi yenye kloridi ya kalisiamu. Yasielekezwe kwenye mkondo wala mtaro wa mvua. Yachanganye yenyewe kwa yenyewe, asidi ikiingia kidogo kidogo kwenye kostiki, nje, hadi pH 4.5. Hapo protini inaganda na kuzama, unaichuja. Kisha maji yapandishwe hadi 7. Tope hilo ni la mboji. Kulisha mifugo sishauri bila kulipima, kostiki ya moto inaharibu sehemu ya protini na chumvi ni nyingi. Kumwaga kibiashara kunahitaji kibali cha NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira), na mazungumzo na wenye mfereji wa maji taka yaanze kabla ya kununua mapipa.

---

bi_mkemia

Kuhusu ile gramu 0.2 ya kemia: msiichukulie wepesi sehemu ya kukausha. Unga wa kitosani ukikaa wazi hapa pwani unabeba maji asilimia 10 bila kuonekana tofauti. Ukiupima hivyo, kitosani ya 85 itasomeka 78, nawe utairudisha kwenye kostiki bure na kuikata minyororo. Mkebe wa kupimia upoe ndani ya chombo kilichofungwa chenye kloridi ya kalisiamu kavu, halafu mizani ndani ya dakika moja.